Usiku Hemani Kamanga

Hadithi, hadithi! Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea.

Leo uongo usije, wajukuu zangu, ubaki huko huko. Nyinyi mnajiandaa kuvuka Ghuba ya Mwanza kwenda kulala hemani Kamanga likizo hii ya Juni, na mmeniambia fedha hamna. Basi nitaanza na mtu ambaye naye hakuwa na fedha, na alikokwenda ni mbali kuliko Kamanga.

Nchini Togo, mwaka 1941, alizaliwa mtoto aitwaye Tété-Michel Kpomassie. Alipokuwa kijana alipanda mnazi kuangua nazi, akakutana na nyoka huko juu, akaanguka na kuumia. Baba yake akampeleka msituni kwenye ibada ya chatu ili atibiwe. Akapona. Lakini uponyaji ule ulikuwa na deni: kijana alitakiwa arudi msituni awe mtumishi wa ibada, aishi na machatu. Katika siku za kungoja, aliingia duka la vitabu la wamisionari mjini Lomé, akaona kitabu kinachoeleza habari za Greenland. Akakinunua, akaenda kukisomea ufukweni. Akasoma kwamba kule kaskazini kabisa mwa dunia kuna nchi ya barafu, watu wake ni wavuvi na wawindaji, hakuna nyoka, wala hakuna mti wa kupanda ukakutana na nyoka. Moyo wake ukahamia huko siku ile ile, na mwaka 1958 akatoroka nyumbani.

Hakufika kwa mkupuo mmoja. Alifika mji, akatafuta kibarua, akajifunza lugha, akaweka akiba, akasogea mji wa pili. Ghana, Ivory Coast, Senegal, kisha Ufaransa, Ujerumani, Denmark. Aliposhuka melini kusini mwa Greenland ilikuwa tayari 1965. Watu waliokuja gatini hawakuwa wamewahi kumwona Mwafrika, wakanyamaza wote wakimtazama. Lakini nyumba zilimfungukia. Alikwea pwani ile mji baada ya mji hadi Upernavik, ambako majira ya joto jua halizami kwa zaidi ya miezi miwili, na majira ya baridi halichomozi kwa zaidi ya miezi miwili. Huko alikaa na mzee mmoja, Robert Mattaaq, katika kibanda cha mabonge ya udongo na nyasi ambacho kuta zake zilibandikwa kurasa za magazeti. Alijifunza kuendesha mbwa wa kuvuta sleji na kuvua samaki kwenye tundu la barafu. Alikula walichokula, akafanya kazi waliyofanya. Mwaka 1981 akachapisha kitabu cha safari hiyo kwa Kifaransa.

Nataka mwone alilipa nini. Fedha hakuwa nayo, kwa hiyo alilipa kwa mikono, kwa kujifunza lugha ya mwenyeji, na kwa kukubali kufundishwa na mtu yeyote, hata mtoto. Msafiri mwenye fedha anaweza kununua ukuta, mlinzi na maji ya chupa. Msafiri asiye nayo hana budi kujua upepo unatoka wapi, maji yapi ni salama, na mwenye eneo anaitwa nani. Kamanga itawafundisha hayo yote kwa usiku mmoja, tena kwa bei ndogo.

Sasa twende.

Wenye magari siku hizi wanalo Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 3, lililozinduliwa Juni 2025. Nyinyi mtembee kwa miguu mpaka gati ya kivuko cha Kamanga, palepale katikati ya Jiji la Mwanza. Nauli ya mtembea kwa miguu ni ndogo, na kwa fedha hiyo mnapata karibu nusu saa ya kulivuka Ghuba ya Mwanza mkiwa na malori, bodaboda, matenga ya kuku na akina mama wanaorudi kutoka sokoni. Msikae chini kuchezea simu. Kutoka kivukoni mtaliona Jiwe la Bismarck, jabali lililosimama majini karibu na ufuko wa jiji, lililopewa jina la kansela wa Ujerumani wakati Wajerumani wanatawala hapa. Kipo pia Kisiwa cha Saanane. Hicho kina jina la mtu wa hapa hapa, mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyekuwa akiishi kisiwani. Mwaka 1964 kiligeuzwa bustani ya wanyama, na tangu 2013 ni Hifadhi ya Taifa, mojawapo ya hifadhi ndogo kabisa nchini. Mimi nafurahi kila nikikumbuka kwamba mvuvi ana hifadhi ya taifa yenye jina lake.

Kabla kivuko hakijang'oa nanga, kila mmoja wenu aulize maboya ya kujiokolea yamewekwa wapi. Mwanza tunajua sababu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kufika hapa, ikaua mamia ya watu, na makaburi yao yako Igoma. Kuuliza habari ya boya si woga.

Mkishuka ng'ambo mmeingia Wilaya ya Sengerema. Hapo msikimbilie kutafuta mahali pazuri pa hema. Kwanza salamu. Mkubwa apewe shikamoo yake, na mkitaka kumfurahisha mzee wa Kisukuma asubuhi, mwambieni "mwangaluka". Ikiwa ni alasiri, "mwadila". Kisha mwulizeni mwenyekiti wa kitongoji, na kama mnataka kukaa karibu na mwalo, muulizeni pia kiongozi wa BMU, yaani kile kikundi cha wavuvi wenyewe kinachosimamia mwalo na kulinda samaki. Semeni mko wangapi, mmetoka wapi, mtalala siku ngapi, na mtu mzima anayewaongoza ni nani. Bila mtu mzima msivuke.

Kwa nini ruhusa ni muhimu, wakati ufuko unaonekana mtupu? Kwa sababu si mtupu. Ule mchanga mnaouona una mwenye kuanika dagaa, na ule mti una mwenye kufunga mtumbwi. Wazungu wa Norway, ambao pwani yao ya kaskazini imo ndani ya duara la Aktiki, waliliandika jambo hili katika sheria mwaka 1957. Mtu yeyote anaweza kupiga hema porini bila kulipa, hata karibu na mji wa Tromsø ambako usiku wa Juni jua linawaka, ila hema liwe angalau mita 150 kutoka nyumba inayokaliwa, na asizidishe siku mbili mahali pamoja bila kumwomba mwenye ardhi. Siku mbili! Sisi hatukungoja bunge. Wahenga walishasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kamanga jembe lenu litakuwa kuanika dagaa, na ningewashauri msisubiri siku ya tatu. Mkiamka, nendeni mkasaidie. Mtu aliyewaona mkifanya kazi asubuhi hatawanyima kuni jioni.

Haya, hema. Kama mnalo la dukani, vizuri. Kama hamna, turubai moja, kamba ya manila, mkeka na chandarua vinatosha. Tafuteni miti miwili au nguzo mbili, pitisheni kamba, tandazeni turubai juu yake, tundikeni chandarua ndani na pindo zake mzibane chini ya mkeka. Msiache chandarua nyumbani eti ni uzito. Mbu wa malaria huuma usiku, na kandokando ya ziwa wapo mwaka mzima.

Taabu yenu itakuwa ardhi. Pande zote za ghuba hii ni nchi ya miamba, matale ya zamani sana, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Yaliiva chini ya ardhi, jua na mvua vikayamenya pole pole, ndiyo maana mnaona jiwe kubwa limekaa juu ya jiwe jingine mtu asijue lilipandaje. Halikupanda. Udongo uliokuwa pembeni yake ndio ulioondoka. Vigingi haviingii katika jiwe. Basi fungeni kamba zenu kwenye mawe mazito, myapange kulizunguka hema. Watu wa Aktiki walifanya hivyo hivyo, kwa kuwa kule ardhi ni mwamba au imeganda chini mwaka mzima. Mahema yao ya majira ya joto yalikuwa ya ngozi za sili, na mawe waliyoyapanga kushikilia ngozi zile bado yako yamelala kwa duara sehemu nyingi za pwani ya Greenland na Kanada, karne nyingi baada ya hema lenyewe kuoza. Wachimbuaji wa mambo ya kale huzihesabu duara hizo na kukisia familia ngapi zililala pale.

Mwambani mtakuta wenyeji wengine. Pimbi, wanaokaa wakiota jua asubuhi, na yule mjusi ambaye dume lake lina kichwa na mabega mekundu na mwili wa buluu. Wataalamu wamempa jina la kisayansi lenye Mwanza ndani yake. Mwacheni aote jua lake.

Msipige hema juu kabisa ya jabali, wala chini ya mti ulio peke yake. Radi hupenda palipoinuka. Msipige mchangani karibu na maji. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na ingawa hema la usiku mmoja si la kudumu, mimi nawaambia mkae juu ya mstari huo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ziwa lenyewe. Linapanda na kushuka. Mwaka 2020, na tena 2024, lilijaa mpaka likaingia kwenye nyumba na mashamba ya watu kandokando yake huku kwetu, Kenya na Uganda.

Sababu ya pili ni kiboko. Hapa nataka mnisikilize vizuri. Kiboko hushinda majini, giza likiingia hutoka kwenda kula majani, na kabla ya mapambazuko hurudi. Hupita njia zake zile zile usiku hadi usiku, mpaka zinachimbika. Mkiona kijia kipana kinachotoka majini, majani yamelala, na katikati kumebaki tuta jembamba kwa sababu miguu ya kulia na ya kushoto imekanyaga mbalimbali, basi hiyo ni njia ya mwenyewe. Akikuta hema njiani anaweza asizunguke. Na aliye kati yake na maji ndiye anayemwona adui. Kwa hiyo ulizeni wenyeji kwanza: kiboko hupita wapi? Watawaonyesha kwa kidole, bure.

Mamba naye yupo katika ziwa hili, na wilaya hii imepoteza watu kwa sababu yake. Katika baadhi ya vijiji Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, imejenga vizimba vya kuchotea maji ili mama akiinama na ndoo awe ndani ya wavu. Nyinyi chukueni maji pale wanapochukulia wenyeji, saa wanazochukua wenyeji, wala msichote peke yenu.

Na kuogelea? Najua ndilo mlilokuwa mnangoja. Jibu langu ni hapana, na nitawaeleza kwa nini badala ya kuwakataza tu. Kwenye maji tulivu yenye majani na magugu maji huishi konokono wadogo. Ndani ya baadhi ya konokono hao hukulia vijidudu vya kichocho, ambavyo hutoka na kuogelea vikitafuta ngozi ya mtu. Havihitaji jeraha. Vinapenya ngozi nzima kwa dakika chache, na hutoka kwa wingi zaidi mchana jua likiwa kali, yaani saa zile zile mnazotamani kuingia majini. Kanda hii ni miongoni mwa sehemu zenye kichocho kingi cha tumbo nchini, ndiyo maana shuleni mnapewa vidonge vya prazikwanteli. Maji ya kuoga tekeni mkayaweke katika dumu safi lisilo na konokono kwa siku mbili, au yachemsheni. Ya kunywa yachemsheni siku zote. Kijidudu kile kisipopata ngozi hufa ndani ya siku hizo mbili. Kama mnalala usiku mmoja tu, bebeni dumu la maji kutoka nyumbani na muwe na amani.

Katika chakula ndipo Usukuma unapowazidi watalii wote. Mtu wa kambi anahitaji chakula kikavu, chepesi, kisichooza, na bibi zenu walikitengeneza zamani sana. Viazi vitamu vikimenywa na kukatwa vipande vikaanikwa vibichi, ni michembe. Vikichemshwa kwanza ndipo vikatwe na kuanikwa, ni matobolwa. Michembe hupikwa, na ukiiweka na karanga zilizopondwa ni chakula kamili. Matobolwa unatafuna hivyo hivyo na chai. Ongezeni unga wa ugali, chumvi, mafuta kidogo, nyanya na kitunguu. Kitoweo msibebe. Kamanga pale mwaloni mtanunua dagaa kwa kipimo cha kopo, au sato mmoja mkubwa mkachangia.

Dagaa huyo ana habari yake, na usiku ndio mtaijua.

Kamanga iko karibu nyuzi 2.5 kusini mwa Ikweta. Jua linazama karibu na saa moja jioni, mwezi wa Juni au wa Desemba, tofauti ni dakika chache. Dunia imeinama kidogo inapolizunguka jua, kwa hiyo mwezi wa Juni kichwa chake cha kaskazini kinaelekea kwenye jua usiku na mchana. Ndiyo sababu Upernavik na Tromsø hazipati giza. Sisi tuko kiunoni mwa dunia, na kiuno hakibadiliki sana. Kwetu giza linaingia upesi, na wavuvi wa dagaa wanalingoja.

Wanavua gizani, katika zile siku ambazo mwezi haupo. Zamani walitumia karabai, siku hizi wengi wana taa za umeme wa jua. Taa huwekwa juu ya maji, vijidudu vidogo vinaifuata, dagaa anafuata vijidudu, wavu unamfuata dagaa. Mbalamwezi ikiwaka, mwanga unakuwa kila mahali, dagaa hakusanyiki, na wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu. Mkienda siku za giza mtakaa mlangoni mwa hema na kuona taa zimejaa ziwani. Mtaona na nyota. Juni, saa mbili usiku, Msalaba wa Kusini uko upande wa kusini na zile nyota saba kubwa za kaskazini ziko upande wa pili, zote kwa pamoja, jambo ambalo mtu wa Upernavik halioni kwao maisha yake yote. Majira yake ya joto haoni nyota hata moja.

Siku hizo hizo za mwezi mwandamo ndipo vidudu vya ziwani navyo huruka kwa wingi kutoka majini. Mchana mtaviona kwa mbali vimesimama juu ya ziwa, mkadhani ni moshi. Haviumi. Vinapenda taa tu, na vitaingia katika uji. Zimeni tochi, kuleni mapema kabla ya giza.

Kisha laleni salama, lakini jueni upepo. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake inapanda, na upepo unavuma kutoka ziwani kuja kwenu. Usiku nchi inapoa upesi, maji yanabaki na joto, upepo unageuka kwenda ziwani. Wavuvi wa matanga wameutumia tangu enzi: hutoka na upepo wa nchi, hurudi na upepo wa ziwa. Sasa fikirini ziwa kubwa namna hii, karibu kilomita za mraba 68,800, na upepo wa usiku unatoka pwani zake zote kwenda katikati. Pepo hizo zinakutana huko, hewa yenye unyevu haina pa kwenda ila juu, mawingu yanajengeka, na kabla ya alfajiri radi inapiga ziwani wakati nyinyi mmelala mkidhani kumetulia. Ndiyo maana nimefurahi kwamba mnakwenda Juni, wakati wa kiangazi, na si Aprili. Hata hivyo kazeni kamba kabla ya kulala.

Asubuhi mitumbwi ikirudi nendeni mwaloni. Mtasikia Kisukuma, Kizinza, Kijita, Kikerewe na Kiswahili kinachowaunganisha wote. Nyoosheni mikono, mwageni dagaa juu ya chanja au wavu uliotandazwa, mtawanye wasirundikane ili jua liwafikie wote. Kunguru na yangeyange watakuwa karibu. Kazi ya watoto wadogo ni kuwafukuza.

Na muwe na ndoano. Kati ya mawe ya ufukoni huishi samaki wadogo wanaoitwa furu, na wale wa miambani Wasukuma huwaita mbipi. Wajukuu zangu, hawa ndio walionifanya nipende ghuba hii kuliko mahali pengine popote. Ziwa hili lilikauka kabisa zaidi ya miaka 14,000 iliyopita, kisha likajaa tena, na katika muda huo mfupi furu wakawa aina mamia, kila mmoja na kinywa chake: mla konokono, mkwangua mawe, mla mayai ya wenzake. Tangu 1977 wataalamu wa Uholanzi walikuwa hapa Ghuba ya Mwanza wakiwahesabu. Sangara, ambaye aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, alipoongezeka sana miaka ya 1980, waliona aina moja baada ya nyingine ikitoweka wavuni mwao. Sangara ametupa viwanda, ajira na mabati ya nyumba, siwezi kumlaani. Lakini nyingi kati ya aina zile hazijarudi.

Mbipi wa mawe walinusurika zaidi. Mmoja wao ana jina la Mwalimu Nyerere: wataalamu wanamwita Pundamilia nyererei. Dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa njano. Ndugu yake wa karibu ana dume la buluu. Majike huchagua mume kwa rangi, jike wa huyu kwa mwekundu, jike wa yule kwa wa buluu, na hivyo koo mbili zinabaki mbili. Katika miaka ya 1990 iligunduliwa kwamba pale maji ya ghuba yalipochafuka, rangi hazionekani vizuri, majike hukosea, na koo zinachanganyika mpaka zinakuwa moja. Maji machafu yalikuwa yanafuta aina za samaki bila kuua hata samaki mmoja. Mkivuta mbipi mwenye rangi, mtazameni, kisha mrudisheni.

Kwa hiyo sufuria zenu msizioshee ziwani. Sabuni, mabaki ya ugali, na maji ya choo hulisha mwani, mwani hugeuza maji kuwa kijani, na mwanga haufiki chini. Tekeni maji, sogeeni hatua nyingi kutoka ukingoni, sugueni kwa majivu na mchanga, mmwage shambani. Choo tumieni cha mwaloni au cha jirani aliyewaruhusu. Mifuko na chupa virudi nanyi Mwanza. Moto uzimwe kwa maji, si kwa kufukiwa na mchanga, kwa sababu mtoto mwingine atapita hapo miguu mitupu.

Mhesabu sasa: nauli ya kwenda na kurudi, kopo la dagaa, nyanya na kitunguu, labda sukari na kuni kama hamkuokota. Turubai, chandarua na sufuria ni vya nyumbani, michembe ni ya bibi yenu. Fedha itakayobaki mnunue dagaa wa kumletea mama, muage kwa mwenyekiti na kwa watu wa mwalo mmoja mmoja, kisha muwahi gatini, kwa maana asubuhi wote wanaokwenda sokoni Mwanza wanataka kivuko hicho hicho.